Siku ya Mvua Kambini Norway: Mwongozo wa Kupumzika Bila Kulowesha Kila Kitu

Kila kiangazi kinapokaribia, maswali huwa ni yaleyale kutoka kwa wanafunzi na wafanyakazi wa Afrika Mashariki walioko Ulaya, na pia kutoka kwa wageni wanaokwenda Norway kwa mara ya kwanza wakiwa na hema begani. Mvua ikinyesha kutwa nzima tufanye nini? Nguo tutazianika wapi? Je, tunaweza kuwasha jiko ndani ya hema? Tuendelee na safari tukiwa tumelowa au tukae? Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa utaratibu wa siku moja, tangu jioni ya kuamkia siku hiyo mpaka asubuhi ya kuondoka. Umeandikwa kwa ajili ya yule aliyepiga hema katika kambi ya kulipia magharibi mwa nchi hiyo, kuanzia Bergen hadi fiodi (mkono mwembamba wa bahari kati ya milima) ya Hardanger na mji wa Odda. Anayelala porini, jambo ambalo sheria ya Norway inaliruhusu kwenye ardhi isiyolimwa, atafaidika na baadhi tu ya hatua hizi, kwa kuwa hana jengo la kukimbilia.

Bergen hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, yaani takriban mara mbili ya Dar es Salaam, lakini wingi huo si tatizo kubwa kwa mtu aliyezoea masika. Masika hunyesha kwa kishindo, yakakatika, jua likatoka na nguo zikakauka kabla ya adhuhuri. Mvua ya huku aghalabu huwa nyembamba, huja na upepo wa bahari, na hunyesha wakati wastani wa joto la mwezi Julai ni nyuzi 15 hivi, kiasi kwamba shati lililotundikwa ndani ya hema saa mbili asubuhi huweza kuwa bichi vilevile siku ya pili yake. Kwa sababu hiyo, kazi ya siku nzima ni moja: usiku ukiingia uwe na seti moja kamili ya nguo kavu, mfuko wa kulalia mkavu na chakula cha moto tumboni. Yasiyosaidia lengo hilo yanaweza kusubiri.

Vitu vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Seti moja ya nguo ambazo hazitoki hemani kwa hali yoyote: fulana na suruali ya ndani ya sufu au ya nyuzi za viwandani, soksi nene za sufu na kofia. Pamba haifai kwa kazi hii kwa sababu hushika maji na huyaachilia polepole.
- Koti na suruali ya mvua. Mwavuli hauna maisha marefu kwenye upepo wa pwani hii.
- Malapa au kandambili za kwendea bafuni, ili viatu vya safari vipate nafasi ya kukauka.
- Mifuko mikubwa ya nailoni isiyopungua minne, pamoja na sponji au kitambaa cha kufutia maji.
- Taulo ya ziada, kamba nyembamba ya mita tano hivi na vibanio vichache vya nguo.
- Tepu ya kubandika hema na chupa ndogo ya spiriti ya kusafishia mahali pa kubandika.
- Adapta ya umeme. Soketi za Norway hupokea pini mbili za mviringo, kwa hiyo chaja ya pini tatu bapa iliyonunuliwa Nairobi, Kampala au Arusha haitaingia.
- Pawabenki iliyojaa. Kumbuka kwamba katika ndege kifaa hiki hubebwa kwenye mkoba wa mkononi, ilhali mitungi ya gesi hairuhusiwi kabisa, si mkononi wala kwenye mzigo mkubwa. Gesi inunuliwe baada ya kufika, katika maduka ya vifaa vya michezo au vituo vya mafuta.
- Kadi ya benki inayofanya kazi nje ya nchi yako. Fedha taslimu hutumika kwa nadra sana, na Vipps, huduma ya kulipa kwa simu ambayo wenyeji huitumia kama sisi tunavyotumia M-Pesa, haitakusaidia ikiwa huna akaunti ya benki ya huko.

Hatua kwa hatua

1. Soma utabiri jioni, kisha amua palepale.
Tumia Yr, huduma ya utabiri ya Taasisi ya Hali ya Hewa ya Norway na shirika la utangazaji NRK, ambayo ina programu ya simu na inasomeka pia kwa Kiingereza. Usitazame picha ya wingu peke yake. Tazama milimita za kila saa na kasi ya upepo. Nusu milimita kwa saa ni manyunyu ambayo mtu mwenye koti anatembea nayo bila shida, lakini milimita tatu au nne kwa saa zikifuatana kuanzia asubuhi mpaka jioni ni siku ya kukaa. Fungua pia tovuti ya Varsom, ambako mamlaka hutoa tahadhari za mafuriko na maporomoko ya ardhi kwa rangi tatu: njano, rangi ya chungwa na nyekundu. Rangi ya chungwa au nyekundu ikihusu bonde ulilomo, suala si kupumzika tena. Muulize mwenye kambi usiku huohuo kama ni salama kubaki.

Watu wengi hukosea hapa kwa kuahirisha uamuzi hadi asubuhi. Wanaamka, wanaona mvua, wanasubiri ipungue, wanafungasha nusu ya vitu, wanavitoa tena, na ifikapo saa sita mchana wamelowa kama waliosafiri ingawa hawajasogea hata hatua moja. Ukishaamua kukaa, lipia usiku wa pili mapema.

2. Hakikisha hema limesimama mahali panapostahili.
Kabla ya kulala, zunguka hema ukiwa na tochi. Hema lisiwe kwenye kibonde, hata kidogo, wala chini ya mti wenye matawi makavu, wala kwenye nyasi za ukingoni mwa mto ambazo huvutia macho kwa uzuri wake. Mito ya magharibi mwa Norway ni mifupi na yenye mteremko mkali, hivyo maji hupanda kwa saa chache. Mwezi Oktoba 2014 mto Opo, unaopita katikati ya Odda, ulifurika na kusomba nyumba za watu. Na Agosti 2023, katika kilele cha msimu wa wasafiri, dhoruba iliyopewa jina la Hans ilileta mafuriko makubwa kusini-mashariki mwa nchi na watu wengi wakahamishwa. Kuhamisha hema mita ishirini jioni wakati ardhi bado kavu ni kazi ya dakika kumi, ilhali kazi hiyohiyo saa tisa usiku katika mvua huharibu kila ulichokuwa unakilinda.

Acha simu ikiwa imewashwa na isiwe katika hali ya ndegeni. Tangu Januari 2023 Norway hutuma tahadhari za dharura moja kwa moja kwenye simu zilizo katika eneo la hatari, na mlio wake husikika hata kama simu imezimwa sauti.

3. Asubuhi, kagua dari kabla ya kugusa kitu.
Ukiona matone ndani ya hema, usikimbilie kusema linavuja. Pumzi za watu wawili waliolala usiku mzima huacha unyevu mwingi, na unyevu huo ukigusa turubai la juu lililopoa hugeuka maji. Futa matone yote kwa kitambaa kikavu, kisha subiri robo saa. Yakirudi kwa kutapakaa dari nzima, huo ni mvuke wenu, na dawa yake ni kufungua matundu ya hewa ya juu na kuacha sehemu ya zipu wazi upande usioelekea upepo. Yakirudi mahali pamoja tu, au kwa mstari unaofuata mshono, hapo pana uvujaji, na namna ya kuurekebisha imeelezwa mwishoni.

Kisha toka nje ukaze kamba. Turubai la nailoni hulegea likilowa, na likilegea hugusa chumba cha ndani na kupitisha maji. Kamba zikazwe tena baada ya saa moja ya kwanza ya mvua, na baada ya hapo kila utakapopita. Tazama pia kama mkeka wa chini umechomoza nje ya turubai la juu. Ukichomoza hata kwa upana wa kiganja, utakinga mvua na kuipeleka moja kwa moja chini ya godoro lako, kwa hiyo kunja kingo zake zielekee ndani, chini ya hema.

4. Gawa hema pande mbili, na usivunje mpaka.
Hii ndiyo hatua inayobeba siku nzima, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Chumba cha ndani ni cha vitu vikavu peke yake: mfuko wa kulalia, seti ya nguo kavu, pasipoti, vifaa vya umeme, na msala kwa anayeswali. Kibaraza cha hema ni cha vitu vibichi: koti, viatu, mwavuli kama ulikuja nao licha ya ushauri, na mfuko wa nailoni wa nguo zilizolowa. Hakuna kitu kibichi kinachovuka kuingia ndani, hata kwa dakika moja, hata soksi.

Unapoingia, keti kwenye kizingiti miguu ikiwa nje, vua koti na uligeuze, vua viatu, futa miguu, ndipo ugeuke kuingia. Anayeingia kwa haraka na koti lake huleta ndani maji ya kutosha kulowesha ncha ya mfuko wa kulalia, na mfuko wa manyoya ya bata ukilowa hauhifadhi joto tena. Mkiwa wawili au zaidi, aingie mmoja kwa wakati. Jambo hili linaonekana la kijeshi kidogo, lakini kambi yenye watoto ndiyo inayolihitaji zaidi, maana mtoto huingia na kutoka mara nyingi kuliko mtu mzima na kila mara huona kuna jambo la dharura.

5. Fika mapokezi kabla ya wengine.
Mwishoni mwa Juni jua la Bergen huchomoza mnamo saa kumi alfajiri na kutua mnamo saa tano usiku, hivyo si ajabu mtu kuchelewa kulala na kuchelewa kuamka. Siku ya mvua jikaze uamke mapema, kwa sababu kambi nzima ina mahitaji yaleyale na vyumba ni vilevile. Uliza mambo manne: chumba cha kukaushia nguo kiko wapi na kinafungwa saa ngapi, mashine ya kufulia hulipiwa kwa kadi, kwa programu ya simu au kwa sarafu maalumu zinazouzwa mapokezi, jiko la wageni lina sufuria au kila mtu huja na zake, na kama kuna kibanda cha mbao kilicho wazi usiku wa leo.

Swali la mwisho liulizwe hata kama huna nia ya kuhama. Kambi nyingi za Norway hukodisha vibanda vidogo vyenye vitanda na hita ya umeme, na siku ya mvua hujaa upesi. Kwa maoni yangu, familia iliyolowa kwa siku mbili mfululizo haina sababu ya kubania fedha za usiku mmoja wa kibanda, lakini msafiri wa peke yake mwenye mfuko mkavu anaweza kubaki hemani bila kujuta. Katika vibanda vya aina hiyo kwa kawaida mgeni hutumia mfuko wake wa kulalia na husafisha mwenyewe kabla ya kuondoka, la sivyo hutozwa usafi.

6. Fua kidogo, kausha kwa akili.
Siku ya mvua si siku ya kufua kila ulicho nacho. Fua zile nguo tu ambazo utazihitaji kesho, maana nafasi ya kukaushia ndiyo haba, si maji wala sabuni.

Anza kwa kuondoa maji kwa mikono. Tandaza taulo kavu, weka juu yake nguo iliyokamuliwa, viringisha vyote pamoja kama mkeka kisha kanyaga kwa uzito wako wote. Taulo hunyonya maji mengi kiasi kwamba muda wa kukauka hupungua sana, hasa kwa nguo za sufu ambazo hazipaswi kuingia kwenye mashine ya joto. Baada ya hapo peleka nguo kwenye chumba cha kukaushia, ambacho mlangoni huandikwa Tørkerom. Zitundike zikiwa zimegeuzwa ndani nje, zipu na vifungo vikiwa wazi, na pawe na nafasi ya kupitisha hewa kati ya moja na nyingine. Kurundika nguo tano kwenye kijiti kimoja ni sawa na kuziacha kwenye ndoo. Zigeuze kila baada ya saa moja au mbili, na zikikauka ziondoe mara moja ili mwingine apate nafasi. Usiondoe nguo za mtu bila kumuuliza. Kama hayupo, waambie mapokezi.

Mashine ya kukaushia ifaidishe kwanza koti la mvua, ikiwa lebo yake inaruhusu. Joto la wastani kwa dakika ishirini hivi baada ya kufuliwa huamsha tena ile dawa ya juu inayofanya matone yateleze, na watu wengi hutupa koti wakidhani limeisha kumbe linahitaji tu kuoshwa na kupashwa joto.

Viatu vinahitaji subira. Toa soli za ndani, legeza kamba kabisa, jaza magazeti makavu na uyabadilishe kila yanapolowa. Viweke mahali penye joto la wastani na hewa inayotembea, si juu ya hita, kwa sababu gundi huachia na ngozi hupasuka.

*Tahadhari.* Hita za umeme za ukutani katika majengo ya kambi huandikwa Må ikke tildekkes, yaani zisifunikwe. Kutundika soksi au taulo juu yake huweza kuwasha moto, na onyo hilo linahusu hata kitambaa kidogo. Vilevile usijaribu kukausha nguo kwa moto wa kuni nje ya mahali palipotengwa. Kuanzia Aprili 15 hadi Septemba 15 kuwasha moto msituni na karibu na misitu kumekatazwa kwa jumla.

7. Pika kwenye jiko la wageni, kamwe si ndani ya hema.
Jiko la gesi likiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlevya mtu mpaka akapoteza fahamu kabla ya kujua ana tatizo. Kufungua zipu kidogo hakutoshi kuondoa hatari hiyo, na turubai la hema hushika moto kwa sekunde chache. Katazo hili linahusu pia mkaa, hata ule uliobaki majivu mekundu tu na mtu akauingiza ndani ili apate joto.

Kwenye jiko la wageni utakuta majiko ya umeme, sinki na meza, na mara nyingine friji ya pamoja. Panga chakula kizito na chepesi kupika: uji asubuhi, dengu za rangi ya chungwa na wali mchana, maharage ya kopo na viazi jioni, na chai ya tangawizi kila unapohisi vidole vinakufa ganzi. Dengu hizo huiva kwa muda wa dakika ishirini bila kulowekwa, na ukitanguliza kitunguu, nyanya na bizari, meza ya jirani itakuja kuuliza unapika nini. Unga wa sembe na wa ulezi unaweza kuja nao kutoka nyumbani, lakini usibebe nyama wala bidhaa za maziwa kutoka nje ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya (nchi za Umoja wa Ulaya pamoja na Norway, Iceland na Liechtenstein), kwani haziruhusiwi kuingizwa na abiria. Maji ya bomba ni salama kunywa, hakuna haja ya kununua ya chupa.

Angalia kalenda pia. Siku ya Jumapili maduka mengi ya vyakula Norway hufungwa, isipokuwa yale madogo na baadhi ya maduka ya maeneo ya kitalii. Mvua ya Jumapili na mkoba usio na chakula havipatani.

8. Pumzika kweli.
Baada ya chakula cha mchana, lala. Vaa seti yako kavu, ingia kwenye mfuko na uache misuli ifanye kazi yake. Karata, kitabu na daftari la safari vinatosha kwa saa zilizobaki. Ramani za siku inayofuata zipakuliwe kwenye simu wakati bado uko karibu na intaneti ya mapokezi. Chaji simu jikoni ukiwa umeketi karibu nayo, usiiache.

9. Toka mara moja, kwa saa chache, na uchague mahali panapopatana na mvua.
Kukaa hemani kutwa nzima huleta ugomvi kati ya watu wapendanao. Matembezi mafupi ya mchana, yenye lengo na yenye muda wa kurudi, hubadilisha hali. Aliyeko Odda anaweza kwenda Tyssedal, kilomita chache tu kutoka mjini, kutazama jengo la kituo cha umeme wa maji cha Tysso I, kilichojengwa kati ya 1906 na 1918 na ambacho sasa ni sehemu ya makumbusho. Akielekea kusini kwa barabara namba 13 atafika Låtefossen, maporomoko pacha ya mita 165 yanayopita chini ya daraja la mawe la barabara yenyewe. Haya ni bora zaidi siku ya mvua, ingawa rasharasha zake zitakulowesha hata mvua ikiwa imekatika. Aliyeko Bergen ana Bryggen, mtaa wa bandari wa nyumba za mbao ulioingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1979, wenye vichochoro vyembamba ambavyo kwa sehemu vimefunikwa na baraza za juu.

*Tahadhari.* Usigeuze matembezi haya kuwa safari ya mlimani kwa kuwa tu umechoka kukaa. Njia ya kwenda Trolltunga, mwamba uliochomoza hewani juu ya ziwa, kutoka Skjeggedal ni kilomita 27 kwenda na kurudi, huchukua saa kumi hadi kumi na mbili, na miamba yake ikilowa huteleza. Atakayefika juu siku ya mawingu mazito hataona ziwa lililo mita 700 chini yake, ataona ukungu.

10. Andaa usiku kabla hujasinzia.
Oga kwa maji ya moto mwisho wa siku, si kabla ya kutoka. Kula kitu chenye mafuta kidogo, kama karanga, kwa kuwa mwili hutengeneza joto kwa chakula. Jaza maji ya moto kwenye chupa imara yenye kifuniko kisichovuja, ivalishe soksi, iweke miguuni ndani ya mfuko. Kagua kamba na vigingi mara ya mwisho, soma Yr tena, na uweke tochi mahali ambapo mkono utaifikia gizani, ingawa mnamo Juni giza lenyewe halikamiliki.

Mambo yakienda mrama

*Maji yanasimama chini ya hema.* Usichimbe mfereji. Hukatazwa katika kambi nyingi na huharibu nyasi. Toa vitu vikavu kwanza uvipeleke jikoni au kwenye gari, kisha ng'oa vigingi na kulibeba hema zima likiwa limesimama mpaka mahali pa juu zaidi. Watu wawili wanatosha.

*Mshono unavuja.* Futa sehemu hiyo upande wa ndani, isafishe kwa spiriti, subiri ikauke kabisa ndipo ubandike tepu. Tepu iliyobandikwa juu ya unyevu haitadumu mpaka asubuhi. Marekebisho ya kudumu yafanywe kwa gundi ya mishono, na hapa aina ina maana: turubai lililopakwa silikoni hukubali gundi ya silikoni tu, na lililopakwa poliurethani huhitaji ya poliurethani.

*Jiko la gesi linawaka kwa unyonge.* Mtungi wenye butani tupu hudhoofika hewa ikipoa, kwa sababu butani huacha kugeuka hewa inapokaribia nyuzi sifuri, na mtungi wenyewe hupoa zaidi kadiri unavyotumika. Uweke ndani ya koti kwa dakika chache kabla ya kuwasha, au usimamishe kwenye maji ya uvuguvugu. Usiupashe kwa moto wala kwenye hita. Safari ijayo nunua mchanganyiko wenye propani.

*Mfuko wa kulalia umelowa.* Ukiwa umelowa ncha tu, utundike kwenye chumba cha kukaushia kwa saa mbili tatu huku ukiutikisa. Ukiwa umelowa wote, tumia mashine ya kukaushia kwa joto la chini pamoja na mipira miwili ya tenisi inayovunja mabonge ya manyoya, na uwe na sarafu au salio la mizunguko kadhaa. Ikifika saa kumi na mbili jioni na bado mbichi, chukua kibanda.

*Mtu anatetemeka na hapati joto.* Mwingize kwenye jengo lenye joto, mvue vyote vilivyolowa, mvalishe vikavu, mfunike kichwa na shingo, mpe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa ana fahamu kamili. Usimsugue mikono na miguu wala usimpe pombe. Akianza kutamka maneno kwa shida, kuchanganyikiwa au kuacha kutetemeka ghafla ilhali bado ni baridi, piga simu 113 kuita gari la wagonjwa. Zimamoto ni 110 na polisi ni 112.

*Asubuhi ya kuondoka mvua bado inanyesha.* Fungasha kila kitu kikavu ndani ya hema likiwa bado limesimama, weka mkoba jikoni au chini ya paa, ndipo ulivunje hema. Mahema mengi huruhusu chumba cha ndani kufunguliwa kwanza chini ya turubai la juu; kikunje peke yake na kukiweka kwenye mfuko wake. Turubai la juu likung'ute kwa nguvu, lifute kwa sponji, litie kwenye mfuko wa nailoni uliotengwa na ulifunge nje ya mkoba. Ukifika kambi inayofuata, litandaze kabla ya kuketi. Na kama safari inaishia uwanja wa ndege, lianike bafuni au kwenye baraza mara tu ufikapo nyumbani, kwa sababu hema lililokaa bichi kwenye mfuko kwa siku chache huota ukungu, na harufu yake haitoki kwa sabuni.